Uzi Haushuki

Kila asubuhi, kabla hajavaa viatu, Chiriku aliandika bei za hisa kwenye kiganja chake cha kushoto. Redio ilikaa juu ya kabati la vyombo, na mtangazaji wa habari za biashara alizisoma bei hizo mbiombio utadhani anafukuzwa. Chiriku alisimama chini yake, kalamu mkononi, masikio wazi. Saruji imepanda. Unga umebaki palepale. Baiskeli imepanda tena. Baba yake, aliyekuwa akinywa chai, alimwangalia akatabasamu.

"Mwanangu, siku moja utanawa mikono na uchumi wote utaingia kwenye bomba."

"Sinawi mpaka nifike shule, baba."

Jina lake lingine lilikuwa kwenye daftari la mahudhurio tu. Kila mtu alimwita Chiriku kwa sababu ya mdomo wake. Alianza kusema mapema, na wakubwa wake walishuhudia kwamba tangu siku hiyo hajapumzika. Lakini mtoto huyu msemaji alikuwa makini, na alichokabidhiwa alikitunza. Hata majirani walimwachia funguo zao.

Aliyemwingiza kwenye mambo ya hisa alikuwa shangazi yake, dada mdogo wa baba, ambaye aliishi nao nyumba moja. Shangazi alikuwa dalali wa hisa. Watu walimpa fedha zao, naye akawanunulia na kuwauzia vipande vya umiliki wa makampuni kwenye soko la hisa. Alikuwa mwanamke mwembamba, mkavu wa maneno, aliyepiga pasi nguo zake hata siku za mapumziko. Chiriku alimpenda na kumwogopa kidogo, na ndotoni alijiona akitembea nyuma yake ndani ya jengo la soko, kalamu sikioni.

Muhula huo mwalimu wa hesabu alianzisha mashindano ya soko la hisa darasani. Wanafunzi waligawanywa katika makundi, kila kundi likapewa fedha za mchezo, zile za karatasi zilizopigwa muhuri wa shule. Bei zilikuwa za kweli, zile za redioni. Kundi ambalo lingekuwa na faida kubwa kuliko yote mwisho wa muhula lingepelekwa kutembelea soko lenyewe. Chiriku aliposikia hivyo, alitoa kalamu na kuandika neno "soko" kwenye kiganja cha kulia pia.

Kundi lake lilikuwa na watu watatu. Wa kwanza alikuwa mwenyewe. Wa pili alikuwa mvulana mcheza mpira aliyeitwa Goti, kwa kuwa daima goti lake moja lilikuwa na kidonda kipya. Wa tatu alikuwa msichana mtulivu aliyeitwa Polepole, ambaye hakujibu swali mpaka alimeze kwanza. Walijiita Kundi la Mizani.

Kabla ya mashindano kuanza, mwalimu alimwalika shangazi aje kuzungumza na darasa. Shangazi alikuja na chati kubwa ya karatasi, pini, na kipande cha uzi mwekundu.

"Bei ni mto," aliwaambia. "Sijui mtu anayeweza kuuamuru mto uende anakotaka yeye. Sisi tunaangalia unakoelekea, tunaufuata. Ukipanda, tumo. Ukigeuka, tunatoka. Swali ni moja: utajuaje kwamba umegeuka? Basi kabla sijanunua, naamua mahali pa kutokea, naweka uzi hapo." Alichomeka pini mbili kwenye chati na kuunyoosha uzi chini ya mstari wa bei. "Bei ikigusa uzi, nauza. Sisubiri, sijadiliani. Bei ikipanda, na uzi naupandisha uifuate. Uzi unaruhusiwa kupanda. Kushuka hauruhusiwi."

"Hata kidogo?" Goti aliuliza.

"Hata kidogo. Usipoziba ufa, utajenga ukuta."

Mwalimu aliupenda utaratibu huo, akaufanya sheria ya mashindano. Chati ndefu ilibandikwa ukutani kwenye ujia wa madarasa, kila kundi na sehemu yake, na kila kundi likachagua mtunza uzi. Kazi ya mtunza uzi ilikuwa kuja mapema, kuchora bei za siku, na kuupandisha uzi inapostahili. Bei ikigusa uzi, alipaswa kumwarifu mwalimu kabla ya kengele, na kundi liuze. Kundi la Mizani lilimchagua Chiriku bila hata kupiga kura. Nani mwingine?

Sasa, baiskeli. Wakati wa kuchagua kampuni ya kwanza, Goti alitaka saruji na Polepole alitaka unga. Chiriku ndiye aliyesimamia kiwanda cha baiskeli. Alieleza kwamba bei yake ilikuwa imepanda kila wiki tangu muhula uanze, akaeleza tena, akaeleza hadi Goti akaziba masikio na kukubali. Walinunua hisa za baiskeli kwa bei ya arobaini, na bei ikapanda hadi hamsini. Chiriku alipandisha uzi mpaka arobaini na tano. Wakati wa mapumziko alipita ujiani akisema kwa sauti, "Samahani, naomba nipite niitazame kampuni yangu." Wenzake walicheka, lakini walimheshimu, naye alijua hivyo.

Asubuhi moja mtangazaji alisoma bei ya baiskeli, na kalamu ya Chiriku ikasita. Arobaini na nne.

Alifika shule ujia ukiwa mtupu. Alichora bei ya siku kama alivyopaswa, nukta ndogo ya penseli, na nukta ikakaa chini ya uzi. Alipaswa kwenda ofisi ya walimu. Badala yake alisimama pale akifikiria jinsi Goti atakavyosema, "Si nilikwambia saruji?" Alifikiria ujia mzima ukimcheka. Na ndani ya moyo wake alikuwa na hakika kwamba bei ingerudi. Ilikuwa kampuni yake.

Aling'oa pini mbili, akazichomeka chini zaidi, kwenye arobaini na mbili. Kisha akayasugua yale matundu ya zamani kwa ukucha mpaka karatasi ikalainika.

Siku iliyofuata bei ikapanda. Ikapanda na siku iliyofuata hiyo, ikapita hamsini, ikaenda hamsini na tano. Kundi la Mizani likaongoza mashindano. Mwalimu alilisifu mbele ya darasa kwa utulivu wao, na Goti alimbeba Chiriku mgongoni kutoka mlangoni hadi kwenye kisima cha shule. Chiriku alicheka na wenzake. Alijiambia kwamba hakuna aliyeumia, kwamba mwisho mwema ndio unaohesabika. Hata hivyo kila alipopita ujiani alitazama upande mwingine, na hakusema tena "kampuni yangu".

Mashindano yalikuwa na sheria moja zaidi. Kundi halikuruhusiwa kuweka zaidi ya sehemu moja kati ya tano ya fedha zake kwenye kampuni moja, ili kampuni hiyo ikianguka, kundi zima lisianguke nayo. Lakini kampuni ambayo bei yake haijagusa uzi hata mara moja tangu inunuliwe, hiyo kundi liliruhusiwa kuiongezea fedha, mradi wanachama wote wakubali na waandike barua kwa mwalimu.

Siku ya Ijumaa Goti aliwaketisha wenzake kwenye ngazi za maktaba. "Tuongeze kwenye baiskeli," alisema. "Tuweke nusu ya fedha zetu zote. Tumalize mchezo mapema."

"Nusu ni nyingi," alisema Polepole.

"Lakini haijagusa uzi. Njoo utazame mwenyewe."

Polepole alipima kama kawaida yake, akameza. "Kweli haijagusa," alisema hatimaye. "Mimi sijui mambo ya baiskeli. Ila uzi nauamini. Haya, nakubali. Chiriku, wewe je?"

Chiriku alisema lazima awahi nyumbani, akaanza kufunga begi lake. Wakakubaliana kwamba barua itaandikwa Jumatatu.

Jumamosi shangazi alifanya kazi nusu siku, na Chiriku alimfuata ofisini kama alivyozoea. Ilikuwa chumba cha ghorofa ya pili chenye meza tatu, kompyuta tatu, na feni iliyopiga kelele nyingi kuliko upepo. Juu ya meza ya shangazi ilining'inia chati yenye nyuzi nyekundu. Kompyuta ilimwonyesha kila kitu, lakini alisema macho yake yanaamini uzi zaidi.

Chiriku alikuwa akipanga karatasi kwenye kabati alipoingia mzee mmoja mnene aliyevaa koti zuri, mwenye maduka ya vitambaa. Alikuwa mteja wa miaka mingi. Hakusubiri kukaribishwa kiti.

"Nimeambiwa umeuza hisa zangu za sukari," alisema.

"Jana, mzee wangu. Ziligusa uzi."

"Si ungenisubiri? Ungenipigia simu. Ile kampuni naijua, bei itarudi tu."

"Huenda itarudi," shangazi alijibu kwa adabu. "Lakini siku tuliponunua, mzee, ulikaa kwenye kiti hiki hiki, umetulia, umekunywa chai. Ukaniambia, ikifika hapa, nitoe. Jana ungekuwa na wasiwasi na hasira. Mimi nilimsikiliza yule mzee wa siku ile."

Mzee alitaka kugomba. Mwishowe aliguna, akacheka kidogo, akavuta kiti. "Wewe binti una kichwa kigumu."

"Ndiyo maana unaniachia fedha zako."

Mzee alipoondoka, Chiriku aliuliza bila kugeuka kutoka kabatini, "Shangazi, na bei ya sukari ikipanda wiki ijayo? Si utakuwa umekosea?"

"Ikipanda, itapanda. Sitakuwa nimekosea. Nikianza kushusha uzi kwa sababu nahisi hivi au vile, basi uzi huo ni mapambo ya ukutani. Na watu wanaopita wataona mapambo, wadhani ni ulinzi." Alimtazama mtoto wa kaka yake. "Mbona umeuliza?"

"Nauliza tu."

Shangazi hakumsumbua zaidi. Lakini Chiriku aliendelea kushika karatasi ileile kwa muda mrefu. Alikuwa akimsikia Polepole, "Uzi nauamini." Mchuma janga hula na wa kwao, wahenga walisema, na Chiriku aliona kwa macho yake jinsi alivyokuwa akiwaandalia rafiki zake sahani.

Jumatatu alifika shule mapema, akawangoja wenzake kwenye ngazi za maktaba. Goti alikuja na barua tayari imeandikwa, imebaki sahihi tu.

"Msiweke sahihi," Chiriku alisema. "Baiskeli iligusa uzi. Ilipita uzi. Nikaushusha mimi."

Goti alidhani ni mzaha. Chiriku aliwapeleka ujiani, akawaonyesha mahali penye matundu mawili madogo yaliyosuguliwa kwa ukucha. Alieleza yote, na safari hii hakupamba maneno.

"Kwa hiyo kuongoza kwetu kote..." Goti alianza.

"Si kwetu."

"Ungenyamaza tu! Nani angejua?"

"Mlikuwa mnataka kuweka nusu ya fedha. Mliuuliza uzi, na uzi ulikuwa mwongo."

Polepole alitazama matundu yale kwa muda. "Mimi nilisema nauamini uzi," alisema taratibu. "Niliyemwamini ni wewe." Hakupaza sauti, na ndiyo maana maneno yale yalimchoma Chiriku kuliko kelele za Goti. Machozi yalimlengalenga, akayaacha.

Walikwenda kwa mwalimu wote watatu. Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho, miwani ikiwa mkononi.

"Tutarudi pale pale," alisema. "Hisa zenu zinahesabiwa zimeuzwa siku ile, kwa bei ya siku ile. Faida yote iliyokuja baadaye inafutwa. Mnaelewa maana yake?"

Walielewa. Kutoka nafasi ya kwanza waliporomoka hadi karibu na mkia.

"Na mtunza uzi? Mnataka kumbadilisha? Ni haki yenu."

Goti alikuwa anafungua mdomo, lakini kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane, Polepole alimtangulia. "Abaki yeye, mwalimu. Sasa anajua uzi unauma wapi."

"Basi nitakuwa nakuja asubuhi kumwangalia," Goti alinung'unika.

Na kweli alikuja. Kila asubuhi alisimama nyuma ya Chiriku mikono imefungwa kifuani, mfano wa askari wa benki, akisoma kiganja chake na kuikagua kila pini. Siku za kwanza hawakusemezana. Baadaye Goti aliuliza kwa nini bei ya unga imelala, Chiriku akamweleza. Wiki iliyofuata Goti ndiye aliyeleta wazo la kununua hisa za kiwanda cha nguo, kwa sababu mstari wake ulikuwa umeanza kupanda. Polepole akaja mapema naye, asiachwe nje.

Walifanya kazi. Waliponunua, walianza na uzi. Hisa za betri ziligusa uzi baada ya siku chache tu. Wakaziuza asubuhi ileile, wakapoteza kidogo, wakala maandazi yao kwa amani. Hisa za nguo zikapanda, na uzi ukapanda nyuma yake hatua kwa hatua. Hawakuweka zaidi ya sehemu yao kwenye kampuni yoyote. Katikati ya hayo saruji ikaporomoka ghafla, na kundi moja lililokuwa limeiongezea fedha na kuweka uzi chini mno likaisubiri irudi, likisema kesho, likisema keshokutwa, likabaki na fedha za kununulia penseli. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Na baiskeli? Ningependa kusema ilianguka ili Chiriku apate faraja. Haikuanguka. Iliendelea kupanda hadi mwisho wa muhula, na kundi lililoishikilia kwa uzi halali, uliowekwa chini zaidi tangu mwanzo, Kundi la Radi, likashinda mashindano. Kundi la Mizani likashika nafasi ya tatu. Radi walipoitwa mbele kupokea tiketi za kwenda sokoni, Chiriku alipiga makofi hadi viganja vikamwasha.

Ukumbi siku hiyo ulijaa wazazi, na chati ya ujiani ilikuwa imehamishiwa ukutani humo, kila kundi na kipande chake. Mgeni rasmi alikuwa mkuu wa ofisi ya akina shangazi, bwana mwenye mvi na sauti nzito. Kila kundi lilisimama kando ya chati yake na kueleza biashara moja iliyolifundisha jambo. Makundi mengine yalieleza ushindi wao. Ilipofika zamu ya Mizani, Goti alimsukuma Chiriku kwa kiwiko.

Chiriku alisimama, akaonyesha matundu mawili. "Hapa nilishusha uzi," alisema. "Nilifanya hivyo kwa sababu nilitaka kuonekana nimechagua vizuri. Bei ikarudi, tukaongoza, nikasifiwa. Wenzangu walikaribia kuweka nusu ya fedha zetu kwa sababu ya uongo huo. Tuliuza, tukarudi nyuma, tukaanza tena. Tangu siku ile uzi wetu haujashuka. Mnaweza kukagua."

"Mimi nimekagua kila asubuhi," Goti aliongeza, na ukumbi ukacheka.

Mgeni rasmi hakucheka. Aliisogelea chati, akainama, akaangalia matundu yale, kisha akaufuata uzi kwa kidole mpaka mwisho. Alipogeuka aliwaambia wazazi, "Zawadi ya faida imekwisha kutolewa, na waliopata wameistahili. Mimi nina ombi langu. Tuseme fedha hizi si za mchezo. Ni za kodi ya nyumba yako, na ada ya mtoto wako. Ungezikabidhi kwa kundi gani? Nendeni mkasimame kando ya chati yake."

Wazazi walitazamana. Wa kwanza kuinuka alikuwa mama yake Polepole, na watu wakasema ni haki yake. Wa pili alikuwa mzazi wa mtoto wa Kundi la Radi, fundi cherehani mwenye futi shingoni, akasimama kando ya Mizani bila aibu. Kisha viti vikaanza kulia kila upande. Baba yake Chiriku alifika akiwa amechelewa, akabanwa na watu mpaka ukutani. Chiriku aliwaona wote wakija, wengine hawajui hata hisa ni nini, na alivimba kifua kwa fahari ambayo haikuwa na woga ndani yake. Polepole alimshika mkono mmoja, na Goti akajifanya anafunga kamba za viatu kwa muda mrefu usio wa kawaida.

Shangazi peke yake ndiye aliyebaki kwenye kiti chake.

Ukumbi ulipotawanyika, Chiriku alimwendea. "Shangazi, mbona hukuja kwetu?"

"Mimi nina damu yangu humo. Dalali hajipigii debe." Shangazi alimkalisha kando yake. "Nisikilize, mwanangu. Soko likikuchapa kwa kosa lako, shukuru, kwa kuwa limekufunza. Likikulipa kwa kosa lako, hapo ndipo uogope, maana utalirudia, na safari hiyo utakuwa umebeba watu. Wakubwa wengi wamelipwa kwa makosa wakajiita hodari. Wewe ulilipwa, ukarudisha, na hakuna aliyekushika mkono. Kupanga hesabu nitakufundisha, ni jambo dogo. Hili ulilofanya sijui kulifundisha."

Walitoka pamoja. Langoni bawabu wa shule, aliyekuwa amesikia habari zote kabla hazijatoka ukumbini, alimsimamisha shangazi.

"Mama, huyu ndiye yule mtoto wa uzi? Ni wako?"

Shangazi, mkavu wa maneno, alimwekea Chiriku mkono begani na kumvuta karibu.

"Ni wa kaka yangu," alisema. "Lakini leo ni wangu."